Jambazi Aliyekufa Mara Mbili

Juzi mwanangu alikuwa akitazama sinema ya zamani ya makauboi kwenye simu. Nilipoliona vumbi lile tu, nikasikia tena harufu ya visamaki vya ndagala vikikaangwa kwa mawese nje ya chumba cha video, kule mtaani kwetu Buyenzi.

Alasiri moja ya utotoni tulibanana mle kwenye mabenchi. Binamu yangu Mariamu alisimama kando ya televisheni akitufasiria, maana ni yeye tu aliyesoma Kifaransa. Midomo ya wale wazungu wa kwenye sinema ilifumba kabla maneno hayajaisha; nilidhani sauti inachelewa njiani kwa kuwa kwao ni mbali. Roho iliniuma kwa wivu. Hata kaka yangu alimtazama Mariamu zaidi kuliko sinema.

Mara nikaona pa kumnasa Mariamu. Jambazi mwenye kovu, aliyeuawa mwanzoni, alipita juu ya farasi akiwa na kofia nyingine.

"Ule mutu si alikufa?" nikapiga kelele.

Mariamu hakutetereka. "Apana. Ule alikuwa ndugu yake mukubwa. Huyu ni pacha wake."

"Eee!" chumba kizima kikaguna. Jambazi alipokufa tena, watu wakamhurumia mama yao.

Leo najua wenye sinema walikosa pesa za kuajiri mtu wa pili, na lugha ile wala haikuwa Kifaransa; Mariamu alikuwa akibuni tu. Mimi niliona kweli, akasikilizwa yeye.

Mwanangu akageuka kutoka kwenye simu. "Mama, huyu mwenye kovu si alikufa?"

"Apana," nikamwambia. "Huyu ni pacha wake."

Akasogea karibu yangu, macho yamemtoka, nami nikamwonea Mariamu wivu upya: uongo ule ulikuwa wake.