Antena Mnazini, Sauti Msikitini

Usifunge antena juu ya mnazi. Naliweka hili mwanzo kabisa kwa sababu nawajua wapenda redio za upepo wenzangu, zile za kubonyeza na kusema: tunasoma mistari mitatu, ya nne tushapanda. Mnazi ni mrefu, ni wa bure, na kijijini kwetu Wambaa uko kila ukigeuza shingo. Lakini mnazi hautulii. Upepo ukivuma, waya wako unavutwa huku na kule mpaka unakatika ndani ya ngozi yake, nje huoni kitu, wewe unakaa unailaumu redio. Tena mnazi una tabia ya kudondosha vitu. Mimi nilikuwa mmoja wa vitu hivyo. Nilikuwa nimeshamaliza kufunga, nashuka, mguu ukateleza, na nilipofika chini ulikuwa umevunjika chini ya goti. Neno la kwanza nililosema nilipozinduka ni kuuliza kama antena imekaa wima.

Mama akasema, "Hospitali watakufunga mguu. Hicho kichwa nani atakifunga?"

Redio zilikuwa mbili, kuukuu, zilizotolewa kwenye malori. Alizileta kaka yangu. Yeye amenizidi miaka saba na ndiye aliyeshika nyumba yetu tangu baba afariki. Alikuwa na boti ya faiba yenye mashine, akinunua pweza visiwani na kuwaleta huku. Redio moja akaifunga kwenye boti, ya pili akaiweka chumbani kwangu, inakula betri ya gari. Sababu aliyompa mama ni usalama baharini. Sababu ya kweli ni kwamba nilimsumbua mwezi mzima.

Kwa redio za aina hii, antena nyepesi kuliko zote ni waya wa mita mbili na sentimita sitini na kitu, umesimama wima. Ukate mrefu kwanza, kisha upunguze kidogo kidogo, maana waya ukishakatwa haurefuki hata ukiusomea dua. Usibonyeze kitufe cha kusemea kabla antena haijachomekwa, utaunguza redio. Na kumbuka kuwa antena ina miguu miwili: mmoja ni huo waya, wa pili ni ardhi. Nyumbani nilitandaza nyaya chini kuzunguka shina la mnazi. Kwenye boti ya faiba hakuna chuma cha kushika maji isipokuwa mashine yenyewe. Nilimwambia kaka aunge waya wa ardhi kwenye mashine. Akasema ataunga. Nami sikuuliza tena.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa waya wa msikiti. Msikiti una spika moja juu ya paa na nyingine kwenye nguzo karibu na kwetu, na waya wa hiyo ya pili unapita chini ya mnazi wangu, mrefu, umetulia, unasubiri fitna. Zile redio ndogo za mkononi za walinzi wa mahoteli zingetia mkwaruzo tu. Hizi za malori ni nyingine. Waya wowote mrefu ulioungwa na amplifaya huweza kuimeza sauti ya redio hizo na kuitema kwenye spika.

Hilo sikulisoma popote. Nililijua siku ya tano ya kulala na plasta yangu, baada ya sala ya laasiri, nilipokuwa namchekesha kaka, yeye yuko kwenye boti, kwa kumuigiza Maalim. Maalim ni mwalimu wetu wa chuo cha Kurani na ndiye khatibu, mtoa hutba wa Ijumaa. Ana sauti ya puani, na kila sentensi huianza kwa kukohoa. Nikabonyeza, nikasema, "Khh! Nani kachukua kandambili zangu? Khh! Aliyezivaa azirudishe, peponi hazitamfikisha!"

Spika ya nguzoni ikasema vilevile. Ya paa ikaitikia. Na Maalim alikuwa ndani ya msikiti, wiki nzima anatembea peku kwa sababu kandambili zake kweli zilikuwa hazionekani. Hiyo ni habari nyingine, nitaifikia.

Alikuja kwetu jioni ile ile, akasimama mlangoni mwa chumba changu.

"Khh. Sauti yangu imetoka nje na mie mdomo nimeufunga. Vyereje?"

"Ni waya, Maalim. Antena iko karibu na waya wenu."

"Utaihamisha."

"Mguu, Maalim."

"Basi mpaka mguu upone, spika zikiwa zinasema, weye husemi. Na sauti uliyopewa na Mungu iko wapi? Kaitafute, yangu uniachie."

Mama aliomba radhi kwa niaba yangu mpaka nikaona haya, na mimi haya si mwepesi nazo.

Kulala kitandani kunaleta mawazo makubwa. Nikaanza kusoma kwenye simu habari za repita. Repita ni kama mtu aliyepanda kilimani: anamsikia wa bonde hili, anayarudia maneno yake kwa wa bonde lile, maana wenyewe hawasikiani. Inataka redio mbili, moja isikie na moja iseme, kwa mawimbi tofauti, na antena zake zisikaribiane. La sivyo inajisikia yenyewe na kupiga yowe, kama spika ya arusini mtu akiisogelea na maiki. Nilitaka kujua ningeiweka wapi. Kwa hiyo ilinipasa nijue redio zangu zinafika wapi bila repita. Kwa hiyo kaka aende baharini.

"Leo Ijumaa," akasema. Kwetu Ijumaa vyombo haviendi mpaka watu wamesali.

"Saa tano ushakuwa kuno," nikamwambia. "Kisiwani Makoongwe na kurudi tu. Yakhe, mie naoza kitandani hapa."

Alinitazama mguu, akachukua dumu la mafuta, akaenda.

Alipopita Makoongwe nikamsikia safi kama yuko jikoni. "Ongeza kidogo," nikamwambia. Akaongeza. "Bado nakusikia, ongeza kidogo." Alicheka, akasema mashine inakohoa kama Maalim, afadhali ageuze. Mara ya tatu nikasema, "Ongeza kidogo tu, kaka, halafu geuza." Baada ya hapo nikasikia mkwaruzo mtupu. Nikaandika kwenye daftari la fizikia: hapa ndipo mwisho wake. Nikafurahi, wallahi. Nikalala usingizi.

Niliamshwa na adhana ya Ijumaa. Saa tano ilishapita zamani. Ndani ya mkwaruzo wa redio palikuwa na kitu kama mtu anayesema ndani ya mto wa kulalia.

"Kaka?"

Neno moja moja. Mwamba. Mashine. Maji.

"Waya wa ardhi!" nikapiga kelele. "Uliunga kwenye mashine? Unga sasa hivi, chuna ngozi, zungushia kwenye chuma chochote cha mashine!"

Nikangoja. Kisha sauti yake ikaja, si kubwa, lakini yote. Mashine ilizima nje ya Makoongwe upande wa magharibi. Akapeperushwa juu ya mwamba, mwamba ukaitoboa boti pale penye kiraka cha zamani, na maji yanayokupwa yalikuwa yanamtoa kuelekea mkondoni. Kamba ya nanga imekatika. Alikuwa anafua maji kwa kopo, anayamwaga nje, peke yake.

"Nikisema na weye siwezi kufua," akasema. "Maji yamefika vifundoni. Waite watu."

Watu. Wanawake wote walikuwa wameondoka asubuhi kwenda arusini Mkoani, na mama akiwamo. Wanaume wote walikuwa msikitini. Nikampigia simu mwenye boti wa kwanza: imezimwa. Wa pili: imezimwa. Nilipiga kila namba niliyokuwa nayo, hata ya dereva wa gari ya samaki. Nikapiga kelele dirishani mpaka koo likawaka. Alinijibu mbuzi. Nikajitupa chini kutoka kitandani nikatambaa, nikafika kizingitini, plasta ikagota, macho yakaingia giza. Kutoka pale mpaka msikitini mtoto anatupa jiwe akafikisha. Mimi ningefika laasiri.

Na kutoka kwenye nguzo Maalim alikuwa ameshaanza hutba.

Msomaji asiyeijua Ijumaa ya kwetu afahamu kitu kimoja. Khatibu akishapanda mimbari, hakuna anayesema. Hata ukimwambia jirani yako anyamaze, wewe ndiye uliyeharibu Ijumaa yako. Watu wanakaa wameinamisha macho, na radi ikipiga wanaendelea kuinamisha macho.

Nilitambaa kurudi kwenye redio nikabonyeza.

"Jamaa, kaka yangu anazama! Nje ya Makoongwe! Tokeni na boti!"

Nikajisikia mwenyewe juu ya nguzo, juu ya paa, nikiupasua mji. Hutba ikasimama. Nikaachia kitufe nikangoja milango, miguu, makelele. Hapakuwa na kitu. Nikaelewa: wamekaa. Wamekaa kwa sababu hawaruhusiwi kusema, na kwa sababu ni mimi. Kijiji kizima kinaijua sauti hii inatoka kwa nani na kazi yake ni nini.

Nikabonyeza tena, nikasema yale yale, nikalia. Kidole nilikisahau pale pale. Ukiwa umebonyeza husikii mtu. Kwa muda ule wote kaka angeweza kuniita nisimsikie, na Wambaa nzima ilikuwa inasikiliza kamasi zangu.

Nilipokiachia, spika ya nguzoni ilikuwa inasema.

"... khh, mara ya mwisho ulisema kwa sauti yangu. Leo nani atanihakikishia? Nikiwatoa watu hawa kwenye Ijumaa yao kwa mzaha wako, mbele ya Mungu tutasimama mie na weye. Sema."

Sikuwa na kiapo ambacho sijakitumia kwa uongo. Nilitafuta kichwani kitu ambacho mtu mzima wa akili hawezi kukisema kwa mzaha.

"Maalim, kandambili zako ziko ndani ya pipa la maji ya mvua nyuma ya chuo. Nilizitia mimi kabla sijavunjika mguu. Na kaka ni mimi niliyempeleka. Alitaka kurudi, nikamwambia ongeza kidogo. Mara tatu nilimwambia. Mashine imekufa, boti imetoboka, maji yanamtoa mkondoni. Magharibi ya Makoongwe. Nifanyeni mnavyotaka, lakini nendeni."

Nikaachia kitufe. Nilihesabu nne.

"Wenye mashine, inukeni," Maalim akasema. "Boti mbili. Magharibi ya Makoongwe, maji yanatoka, mfuateni kwa nje. Hamna dhambi. Khh. Waliobaki kaeni."

Sasa ndipo nikasikia miguu inapita dirishani, kanzu zinapigapiga. Hakuna aliyesimama kunitukana. Nilitamani hata mmoja angenitukana.

Nikamrudia kaka. "Wanakuja. Usijibu! Fua maji. Tutahesabu sote mpaka mia, ukifika mia bonyeza mara moja tu bila kusema, mkwaruzo ukikatika nitajua upo."

Hii nawapa wenzangu bure, huenda ikawafaa: mtu akibonyeza bila kusema, mkwaruzo kwenye redio yako unanyamaza ghafla. Ni kama mtu kakuwekea mkono begani.

Mia ya kwanza, ukanyamaza. Mia ya pili, ukanyamaza. Msikitini walikuwa wanasali. Nilimsikia Maalim akisoma, na mimi nahesabu juu ya kisomo chake, Mungu anisamehe. Ya tano alichelewa, nikafika mia na arubaini, ukanyamaza kidogo sana. Ya sita haikuja.

Nilihesabu mia mbili. Mia tatu. Betri yake tuliifunga chini ya ubao wa kukalia, chini kabisa, mimi ndiye niliyesema hapo ndipo penye nafasi. Betri ya chomboni ifungwe juu. Ifungwe juu, juu, hata kama itakupiga magoti kila siku. Nilikuwa najua maji yameshafika pale, na nilikuwa najua ubao ule unamfika kaka wapi akiwa amekaa. Spika za msikiti zikazimwa. Watu waliobaki walikwenda pwani. Nikabaki na mkwaruzo, na kila ulipobadilika kidogo nikasema "Kaka?", na ulikuwa upepo kwenye mnazi.

Niliacha kuhesabu nilipofika mahali ambapo sikukumbuka namba inayofuata. Nililitazama daftari la fizikia. Hapa ndipo mwisho wake. Nikaichana karatasi, nikaitafuna, sijui kwa nini.

Adhana ya laasiri ilipotoka haikuwa sauti ya muadhini wetu. Alikuwa Maalim mwenyewe, anahema kama aliyekimbia. Alipomaliza hakuzima. Kilisikika kikohozi, kisha pumzi.

"Khh. Weye mwenye redio. Nduguyo wamempata, kashikilia dumu la mafuta. Boti imekwenda na maji. Yeye amekunywa maji mengi, lakini yu hai, wanampandisha sasa hivi." Akakohoa tena. "Usijibu."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilijitoa kidogo kidogo, kwanza kidole, kisha mkono, kisha nikachomoa waya wa betri.

Kaka walimleta wamemshika mabega, chumvi imemkauka usoni. Akakaa kwenye kitanda changu, juu ya mguu wangu ulio mzima.

"Nilikuwa nakusikia," akasema. "Yote, hata habari ya kandambili."

Siku hizi anabeba samaki wa watu kwa baiskeli. Mimi mguu umepona, na kazi ya kwanza niliyoifanya nao ilikuwa kuiteremsha ile antena. Sikupanda. Niliiangusha kwa mti mrefu wa upondo.