Skuta Iliyoshibishwa Mafuta

Kama kuna kitu Katekista Tharsisi alijivunia pale Murungu kuliko sauti yake ya kuimbisha zaburi, ni kwamba chombo chake hakijawahi kulia kwa kiu. Miaka thelathini alipanda baiskeli, na kila Jumamosi, mvua inyeshe, jua liwake, aliigeuza matairi juu pale uani, akaupangusa mnyororo kwa tambara, kisha akautilia oili tone kwa tone kama mama anayemnywesha mtoto dawa. Baiskeli za wenzake zilipiga kelele barabarani mpaka kuku wakakimbia. Ya kwake ilipita kimya. "Chuma ni kama mtu," alikuwa akisema. "Usipokipa mafuta, kitakusengenya mbele za watu."

Basi mwaka 2014, Pasaka ilipopita tu, goti lake la kulia likagoma. Likavimba, likakataa pedali. Na kigango chake, kanisa dogo anakoongoza ibada kila Jumapili, kiko juu ya kilima ambacho watu wanakiita Kaza Moyo, na jina hilo halikutolewa kwa mzaha. Bahati nzuri padre mmoja alikuwa anahamishwa, akaiachia parokia skuta yake ndogo ya buluu. Kamati ikakaa, ikaamua apewe Tharsisi. Siku ya kwanza kuipanda alilia. Ndiyo, alilia, mtu mzima wa miaka sitini na moja, maana alikuwa ameshaanza kuamini kwamba kazi yake imekwisha.

Lakini mzoea punda hapandi farasi. Jumamosi ya kwanza Tharsisi aliiingiza skuta uani, akaitia stendi, akafungua kifuniko cha pembeni ili autafute mnyororo. Mnyororo hakuuona. Aliona mkanda mpana wa mpira, umezungushwa kwenye puli mbili za chuma, mkavu kabisa, hauna hata tone.

"Yebabaa!" akasema. "Padre wa watu alikuwa anautesa hivi?"

Akachukua kopo lake la oili. Wewe unayezijua skuta, nyamaza kwanza, tafadhali. Mwache mzee wa watu.

Wiki hiyo skuta ilipanda Kaza Moyo kwa kusuasua kidogo. Tharsisi akaona ni kiu ya siku nyingi, Jumamosi akaongeza matone. Wiki iliyofuata ikasuasua zaidi, naye akaongeza zaidi. Kufika Julai, injini ilikuwa inanguruma kama lori la mkaa, moshi unatoka, na tairi la nyuma limetulia tu, halina habari. Katikati ya kilima skuta ikasimama. Immakulata, mkewe, akateremka, akafunga kitenge vizuri kiunoni, wakaisukuma wote wawili mpaka juu, mbele ya kwaya nzima. Watoto wa kwaya walijitahidi wasicheke. Hawakufaulu.

Tangu siku hiyo Immakulata akaweka utaratibu wake. Viatu vyake vya kanisani, vyeusi, vyenye kisigino, alivitia kwenye mfuko wa plastiki, akavaa kandambili za kusukumia. Hakulalamika hata neno moja. Tharsisi angependa alalamike. Ule mfuko ulimuuma kuliko goti.

Aliipeleka skuta Kibondo mjini kwa fundi Tamimu, kijana anayesifika kwa pikipiki. Tamimu akachomoa plagi, akaitazama, akairudisha. Akapuliza kabureta. Kifuniko cha pembeni hakukigusa, kwa kuwa skuta hajawahi kuifungua maishani mwake, ila hilo hakulisema.

"Mzee wangu, hii ni ya lami," akasema. "Ya Dar hii. Milima yenu hii itaiua bure."

"Ilipanda mwezi wa tano," Tharsisi akajibu kwa hasira. "Mlima umekua tangu mwezi wa tano?"

Tamimu akacheka, akampa pole, akamsukumia mpaka barabarani.

Jumapili ya tatu ya kusukuma, ibada ilichelewa saa nzima. Watu walikuwa wameketi juani, wazee na wenye watoto mgongoni. Ibada ilipokwisha, Venanti, mwenyekiti wa kamati ya kigango, alimvuta Tharsisi pembeni. Venanti si mtu mbaya. Ni mtu wa saa.

"Katekista, tumevumilia," akasema. "Tumeongea na Obedi. Kijana, magoti yake yote mawili mazima, na yuko tayari kukipokea kigango. Jumapili ijayo ukifika hapa umepanda, tusahau. Ukifika unasukuma, funguo mkabidhi yeye, na kazi pia. Upumzike sasa."

Upumzike! Neno hilo Tharsisi alirudi nalo nyumbani. Alikuwa amewafundisha ubatizo nusu ya watu wa kilima kile. Alikuwa amewazika wazazi wao. Akipumzika, atakuwa nani? Mzee wa goti bovu anayefukuza mbuzi kwenye mihogo.

Jumamosi akaamka ameamua. Kama skuta inakufa, basi ife imetunzwa. Akatandika gunia uani, akapanga spana, bisibisi, brashi ya waya, msasa na beseni la maji ya sabuni. Akamwaga oili ya injini iliyochakaa, ikatoka nyeusi tii, akatia mpya. Akachomoa plagi, akaisugua mpaka ikang'aa. Akafungua chujio la hewa: lo, vumbi jekundu la kiangazi limejaa, ungeweza kulifinyangia chungu! Akaliosha, akalianika kwenye kamba kati ya kitenge cha mkewe na shati lake la ibada. Akajaza matairi upepo kwa pampu ya baiskeli. Akakaza breki. Kila kitu alikifanya kwa mkono wa mtu anayeaga.

Mwisho akafungua kile kifuniko cha pembeni, akanyoosha mkono kulichukua kopo lake.

Hapo ndipo Immakulata alipoingia uani na ndoo ya unga wa muhogo kichwani, usoni mweupe kwa unga, kakasirika vibaya.

"Nimekaa pale mashineni tangu asubuhi!" akasema akiitua ndoo. "Mama mmoja kaweka dumu lake la mawese karibu na mashine, likamwagika kidogo tu kwenye mkanda. Kidogo tu, Baba Yusta! Injini inanguruma, jiwe halizunguki. Niyitegeka, mwenye mashine, kamfokea yule mama karibu amlize. 'Mkanda si mnyororo!' anasema. 'Mkanda unashika kwa ukavu! Ukionja mafuta, leo hatusagi!' Ikabidi auvue, auoshe kwa sabuni, auanike. Ndiyo nimekawia."

Tharsisi alikuwa amechuchumaa, kopo mkononi. Hakusogea.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Alichosema Niyitegeka."

"Mkanda unashika kwa ukavu..." Immakulata akaanza, kisha macho yake yakalifuata lile kopo, yakashuka mpaka kwenye mkanda wa skuta uliokuwa unang'aa kama samaki aliyetoka kikaangoni. Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Usicheke," Tharsisi akasema.

"Sicheki."

"Unacheka, Mama Yusta."

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaketi chini kando ya ndoo, na unga ukampukutika mashavuni. Tharsisi aliona aibu iliyomchoma masikio. Miezi miwili alimtukana padre, akautukana mlima, akamwona fundi hajui kazi, kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Kisha, katikati ya aibu ile, kitu kingine kikamjia, akainuka hata goti akalisahau. Skuta haijafa! Ni nzima! Imeshibishwa tu!

Akafungua nati kubwa, akauvua mkanda. Akauosha kwa sabuni ya mche mara ya kwanza, ya pili, mpaka mara ya nne maji yalipobaki safi. Wakati unakauka juani, akazipangusa puli kwa tambara lenye petroli, akazisugua kwa msasa, na klachi nayo akaisugua, akaondoa kila alama ya ukarimu wake. Wakati wa kuurudisha akaona mshale mdogo umechorwa mgongoni mwa mkanda, unaonyesha upande wa kuzunguka. Akautii ule mshale kama anavyoitii rubriki, yale maelekezo ya kitabu cha ibada. Akafunga kifuniko. Jioni ilikuwa bado haijaingia.

"Huijaribu?" Immakulata akauliza.

"Nitaijaribu Kaza Moyo."

Asubuhi ya Jumapili, Tharsisi alikuwa amepanga aende peke yake, chombo kiwe chepesi. Hakuthubutu kulisema waziwazi; alianza kuzungukazunguka maneno, kwamba njia ina vumbi, kwamba mama angeweza kutangulia polepole na wenzake.

"Baba Yusta," Immakulata akamkatiza. "Kama mkanda umepona, utatubeba wote. Kama haujapona, nani atakusaidia kusukuma?"

Akatoka ndani. Tharsisi akatazama chini. Kandambili hazikuwepo. Mfuko wa plastiki haukuwepo. Immakulata alikuwa amevaa vile viatu vyeusi vyenye kisigino, pale pale nyumbani, mlangoni pake. Akapanda nyuma, akaweka mkoba mapajani.

Kwenye tambarare skuta ilikwenda vizuri, lakini huko hata siku zote ilikwenda. Chini ya Kaza Moyo Tharsisi akaongeza moto. Injini ikanguruma. Akasubiri ile hali anayoijua, kelele nyingi na mwendo hakuna.

Skuta ikaruka mbele mpaka Immakulata akamkumbatia kiuno kwa kelele.

Weee! Ilipanda! Ilipanda kama iliyochelewa kwenda kula! Wakawapita wanakwaya kwenye kona ya kwanza. Wakawapita akina mama wenye watoto mgongoni, nao wakapiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini hasa. Kwenye kona ya pili, penye mwinuko mkali kuliko yote, wakampita mtu mmoja ameinama, anasukuma baiskeli, shati limemlowa jasho. Alikuwa Venanti. Tharsisi akapiga honi. Mungu amsamehe, aliipiga mara tatu.

Juu kulikuwa hakuna mtu. Kanisa limefungwa, kuku wawili tu mlangoni. Tharsisi akafungua mlango, akachukua nondo, akaligonga lile rimu la gari linalotumika kama kengele, akaligonga kwa nguvu zake zote, mpaka Obedi akachungulia kutoka nyumba ya jirani akiuliza kama saa yake mwenyewe imesimama.

Venanti alifika akihema. Watu walikuwa wameshajaa uani, masikio yamesimama.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Milele, amina."

"Katekista, umeifanya nini?"

Tharsisi angeweza kusema lolote. Angeweza kusema amebadilisha kifaa kutoka Kasulu, na nani angemkatalia? Akamtazama mkewe, akawatazama waumini wake.

"Nilikuwa naitilia mkanda mafuta," akasema kwa sauti ya kusomea injili. "Kila Jumamosi. Kosa ni langu. Sasa siutilii tena."

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Kisha akachomoa funguo, akamnyooshea mwenyekiti kwa mikono miwili, kwa heshima, maana kosa ameshalikiri, na mwenye neno la mwisho ni kamati.

Venanti hakuzipokea. Alikuwa anatazama chini, kwenye viatu vya Immakulata: vyeusi, vinang'aa, havina mchanga wala vumbi la kilima.

"Huyu mama hajasukuma," akasema. "Rudisha funguo zako mfukoni, Katekista. Anza ibada, watu wamewahi."