Kumbikumbi Bila Chumvi

Siku ile tulikuwa tunawadanganya kumbikumbi. Kwetu, mashariki ya Kongo, mvua ikichelewa na hamu ikizidi, unajenga kijibanda cha matawi juu ya kichuguu, unakifunika kwa blanketi na majani ya mgomba, kisha unagonga ardhi kwa vijiti ili wadhani mvua imeanza. Tuligonga tangu asubuhi, mimi na dada yangu Zawadi. Hakutoka hata mmoja. Neema, mwanawe, alikuwa bado hajui kutamka jina langu vizuri, na alikuwa analia njaa.

"Wakitoka nawakaanga hapa hapa," nikasema. Kikaango nilikuwa nacho. Mafuta ya nini, na wenyewe wana mafuta yao?

"Bila chumvi? Unapikia wagonjwa?" Dada akacheka, akaniachia mtoto, akaenda nyumbani kuchukua chumvi. Pale tulipokaa nyumba ilikuwa inaonekana.

Kisha zikaanza risasi.

Majirani walikuja mbio kwa njia ile ile, mmoja na godoro kichwani. Nyuma yao, wenye bunduki. Nikamvuta Neema, tukajibanza ndani ya kijibanda, chini ya blanketi.

Ardhi ilitetemeka kwa miguu ya watu.

Na kumbikumbi wakatoka.

Jamani! Tumewabembeleza muda wote ule wamekataa. Watu wanakimbia kuokoa roho zao, wao wanadhani ni mvua! Walinijaa masikioni, puani, kifuani. Nikajua Neema atapiga kelele, na akipiga tumekwisha.

Buti zikasimama karibu.

Neema alimkamata mmoja. Akamng'oa mbawa, akala. Akakamata mwingine. Alikula kimya, mmoja mmoja, huku ananitazama, mpaka buti zikaondoka.

Dada tulimkuta mlangoni kwake. Chumvi ilikuwa ngumini. Nilivikunjua vile vidole mimi mwenyewe, na mpaka leo sijui kwa nini nilifanya hivyo.

Sasa naishi nchi jirani, Shelui, nimeolewa na fundi wa malori. Neema ananiita mama, na ameshanipita urefu. Mwaka huu watoto wa jirani walipoanza kugonga vijiti kichuguuni, niliganda uani na ungo mkononi. Miaka yote hii, bado!

Lakini chakula ni chakula. Waliponiletea kumbikumbi, niliwapepeta mbawa, nikawakaanga, nikawatenga. Mama mkwe akaonja, akakunja uso.

"Mama Neema, chumvi umesahau tena?"

"Sikusahau, mama."

Neema akainuka. "Ngoja nikachukue jikoni, bibi."

Jikoni kwetu ni pale pale uani, hatua chache tu. Nilijikuta nimemshika gauni kwa mikono miwili, na sahani imemwagika.

"Kaa," nikamwambia. "Tutakula hivyo hivyo."