Ukurasa wa Sitini na Nne

"Bibi, mbona ukishika kitabu hiki unachoma sindano kama unamdunga mtu?"

Mjukuu wake wa kike alikuwa na miaka tisa siku alipouliza hivyo, kakaa sakafuni katika chumba cha kushonea vitabu, miguu imezama kwenye vipande vya karatasi. Bibi hakuinua uso.

"Shika uzi huo, acha udadisi."

Kitabu chenyewe kilikuwa cha historia, cha shule. Kila mwaka mikunjo yake ya karatasi zilizochapwa ilifika mezani kwa Bibi, kurasa kumi na sita kila mkunjo, na kila mwaka mkunjo wa nne uliishia na sentensi ileile: Kiwanda cha nyuzi kiliungua kwa uzembe wa wafanyakazi. Basi. Watu kumi na mmoja waliokufa, maneno manane.

Mmoja wao alikuwa dada yake. Bibi, wakati huo binti wa miaka kumi na mitatu, alimpelekea chakula cha mchana akakuta moshi, na mlangoni kufuli, kwa nje. Msimamizi alizoea kuwafungia ili wasitoke kabla ya saa. Funguo zilikuwa mfukoni mwake, naye yuko kwa kinyozi. Hakuna aliyemuuliza binti aliona nini. Miaka arobaini sasa, Msimamizi anazeeka kwa raha zake mtaa wa pili, na Bibi anamshonea uongo wake, tena kwa uzi wa mara tatu usije ukafumuka.

Basi akaandika. Si historia, maana nani angemsikiliza mshona vitabu? Aliandika hadithi ya binti aliyebeba chakula mpaka kwenye mlango wenye kufuli. Mwenye kiwanda cha uchapaji akaisoma kwa kusimama, akamrudishia.

"Mama, hizi hadithi ni za watoto."

"Ndio haohao ninaowataka."

Mpiga chapa, mtani wake wa siku nyingi, akamchapia mkunjo mmoja kwenye mabaki ya karatasi. Juu kabisa Bibi alitaka neno HADITHI, kwa herufi kubwa, asije mtu akasema kadanganya.

"Na mimi wakiniuliza?"

"Sema ulikuwa umelala kazini."

"Hilo wataliamini upesi!"

Kila mshona vitabu ana kosa moja lililowahi kumpata: mkunjo wa kitabu hiki kuingia kitabu kile. Mwaka ule vitabu arobaini vya shule ya mtaani vikatoka na mkunjo wa ziada, mara tu baada ya ukurasa wa sitini na nne.

Mwalimu alitaka kuvirudisha, lakini darasa lilikwisha kusoma.

"Mwalimu, uzembe gani, na mlango ulifungwa?"

"Hiyo ni hadithi. Someni hapo juu."

"Sawa, lakini funguo alikuwa nazo nani?"

Mwalimu alikuwa mtu mkweli. Akawatuma wakaulize. Wakampata mzima moto mstaafu, naye hakumung'unya maneno: kufuli alilivunja yeye kwa shoka, nalo lilikuwa nje.

Darasani humo alikuwemo mjukuu wa Msimamizi. Siku hiyo alihamia dawati la nyuma, hakucheza na mtu. Jioni akaenda na swali lake nyumbani.

Wiki haikuisha, Msimamizi akaingia chumba cha kushonea, fimbo mkononi.

"Umenimaliza, Mama. Mjukuu wangu hanipi hata shikamoo."

"Nimekutaja wapi?"

"Hukunitaja! Ndiyo maana siwezi hata kukushtaki!"

"Ni makosa ya mshonaji, mzee wangu. Mikunjo ilichanganyika." Bibi akatunga uzi. "Mlango uko wazi. Hapa hatufungii watu."

Miaka mitatu ikapita, Mwalimu akiwaandikia wachapishaji maneno ya mzima moto, ndipo toleo jipya likafika mezani. Ukurasa wa sitini na nne sasa ulikuwa na kufuli, na majina kumi na moja. Mjukuu wa Bibi, msichana mkubwa sasa, akatazama sindano ikipita taratibu, haina haraka.

"Bibi, hukunijibu siku ile. Ulikuwa unamdunga nani?"

Bibi akakata uzi kwa meno.

"Yeye. Ila ngozi yake ilikuwa nene, nikapitia kwa mjukuu wake."