Nyumba Isiyohitaji Mkaa

Barua ya uhamisho ilimtoa Epifania, askari polisi, kwenye baridi ya Makete, ikamleta kwenye joto la pwani, Micheweni, katikati ya Julai. Nyumba ya kwanza aliyoonyeshwa ilikuwa na marumaru, lakini shule ilikuwa mbali, na bintiye Happy alikuwa na pumu. Kule Makete, baridi na moshi wa mkaa vilimbana kifua kila mwaka hadi akakosa masomo.

Nyumba ya pili, ya Bi Mwatum, ilikuwa ya vyumba viwili, jirani na shule. Epifania aliikagua, kisha akauliza jiko la kuotea moto huwekwa wapi.

“Kuota moto?” Bi Mwatum akashika kiuno. “Mwanangu, kwenu mwalala na jiko chumbani? Watu nyie au samaki wa kubanika?”

“Bila jiko hakulaliki, Bi. Huku Julai mnafanyaje?”

“Twafungua dirisha.”

Epifania akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa na joto la jua. Akastaajabu kwamba watoto wa hapa walizaliwa na kukua bila mtu kuwawashia moto wa kulalia.

Akamtuma Happy, aliyekuja naye, hadi kwenye geti la shule, apime umbali. Mtoto akaenda akitembea, akarudi mbio. Mama akapiga magoti, akatega sikio kifuani pake, akiungoja ule mluzi wa pumu aliouzoea. Akasikiliza tena. Alisikia moyo tu, ukidunda.

“Ana nini mtoto?” akauliza Bi Mwatum.

“Hana kitu,” Epifania akajibu. “Tutahamia kesho.”