Kishikizo cha Kushoto

Mtaani walimwita Fundi Pilipili, na siku hiyo aliwasha kweli. Wifi yake, dada wa mumewe, aliweka kasha la kompyuta juu ya meza ya karakana akasema haiwaki, inalia pii-pii tu. Jana yake Fundi alikuwa ameiongezea memori. Wifi alikuwa na mtihani wa kufanyia kwenye kompyuta hiyo saa kumi, na sasa ilikuwa saa tisa. Akiukosa, anarudia mwaka mzima.

Fundi hakuuliza. Watu waliomchosha duniani ni wale wanaojifungulia mashine nyumbani, wakachomeka vitu kwa nguvu umeme ukiwa bado unapita, kisha wakamletea yeye maiti. Mbele ya wateja wawili alimpa wifi vidonge vyake: mkono hautulii, ujuaji mwingi, la mkuu halisikii. Wifi alijaribu kusema mara mbili, akakatwa mara mbili. Akatazama saa ya ukutani.

Mdomo ukiendelea, mikono ilifuata adabu yake. Fundi alichana kibandiko cha karakana kilichoziba parafujo, akagusa chuma cha kasha ili umeme uliomganda mwilini usije ukaunguza kitu, akafungua. Akainama kutafuta ushahidi.

Kijiti cha memori kilikaa kwenye mfereji wake, upande sahihi, kati ya vishikizo viwili vya kukibana. Kishikizo cha kulia kilikuwa kimefunga. Cha kushoto kilikuwa wazi, kwa upana wa nusu ukucha.

Ndipo akakitazama kibandiko mkononi. Alikuwa amekibandika mwenyewe jana, na dakika ile amekichana mwenyewe kikiwa kizima. Hakuna mwingine aliyefungua.

Alijikasirikia mpaka masikio yakawaka. Miaka yote akiwafokea watu kwa kutumia nguvu, na jana alikibonyeza kijiti kama anayemlaza mtoto asiamke. Alikichomoa kwa kukishika kingo, akakirudisha, akakandamiza kwa vidole gumba viwili. Ta, kulia. Ta, kushoto. Alipochomeka waya, kompyuta ikawaka bila kulia. Akaizima, akafunga kasha.

"Wifi, hukugusa kitu. Kosa ni langu," alisema kwa sauti ileile aliyofokea nayo, wateja wasikie.

Wifi alikuwa ameshachomoa waya na kulibeba kasha.

"Nakujua," alisema bila hasira. "Ndiyo maana nilitoka nyumbani mapema. Nusu saa niliitenga ya kufokewa."