Ndege wa Kijapani Aliyerudi Kutoka Kisenyi

Sikwenda Kampala kutembea. Barua za mdogo wangu Ouma, fundi wa magari huko Kisenyi, zilikuwa zimekatika, na mama alikuwa hali chakula. Baba akanituma mimi, akidhani wanajeshi waliokuwa wakitawala huko hawamsumbui mwanamke. Matumaini ya mzee hayo.

"Ulizia chuma chake," aliniambia. Ni kikinga mkono cha upanga wa Kijapani, bamba la duara ambalo baba alirudi nalo kutoka vita vya Burma. Limechorwa ndege mwenye mkia mrefu. Mkalimani wa huko alimwambia kuwa ndege huyo hashuki ila kwenye nchi ya mtawala wa haki. Ouma alilivaa shingoni tangu utotoni, hata akioga. Basi nilisafiri nikiomba nisilione bila yeye.

Malaba tulivuka mpaka asubuhi. Darajani Jinja, juu ya mto walimotupwa maiti, abiria walifunga madirisha.

Kisenyi nilifika mchana, nyundo zikilia gerejini kama kawaida. Mwenye gereji, Hajji mmoja Msomali, aliposikia mimi ni nani aliinamisha macho.

"Nyabo, dada, Ouma hayuko. Alitengeneza gari ya mkubwa moja wa jeshi, ikazimika njiani. Wakakuja na gari haina namba."

"Wakampeleka wapi?"

"Walimuweka kwa buti, nyuma ya gari." Akatoa lile bamba mfukoni mwa kanzu. "Alitoa yeye mwenyewe kwa shingo. Alisema, mupe dada yangu."

Niliketi palepale kwenye oili chafu, nikalia. Ndugu yangu alijua harudi.

Nikirudi, kwenye kizuizi nje ya mji, askari alipekua kikapu changu, akalitoa bamba.

"Hii kitu ya nini?"

"Ya kuzuia mlango, afande."

"Na hii ndege?"

Ya mtawala wa haki sikuyataja. "Ni kuku tu."

"Kuku ya mkia refu hivi!" Akacheka, akanirushia. Nikacheka naye huku nimemchukia.

Nyumbani niliwasimulia yote. Kwetu Wajaluo, maiti isipopatikana, tunazika tunda refu la mti wa yago badala ya mtu. Baba alikwenda kulichuma mwenyewe. Alitaka tulizike pamoja na bamba. Mama akakataa, akalivaa yeye.

Safari ile ilinifunza kuwa kuna nchi ambamo mtu huagana na watu wake kwa kipande cha chuma. Baba hakuisimulia tena habari ya ndege yule. Wajukuu wakimwuliza ni ndege gani huyo shingoni mwa bibi, husema ni kuku.